Soksi ya Mkaa

Baba,

Barua hii hutaisoma. Hata ungekuwa hai usingeisoma, na hilo ndilo limenifanya niketi chini kuandika. Nimewaambia watu, Baba. Nimeitoa siri yako mbele ya ukuta wa soko, mchana, Jumamosi moja ya mwezi uliopita, mji mzima ukisikia, na sikukuuliza kwanza.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chako hapa Bondeni. Ni Jumapili, watu wametoka kanisani na kuku wa jirani wanaparura mlangoni. Benchi iko pale pale. Mikebe ya rangi imekauka yote isipokuwa ile nyekundu, sijui kwa nini nyekundu haikauki. Huu ni mwaka wa tatu na bado sijalia. Nakuambia mapema usije ukangoja mahali pa kulia. Siku tuliyokuzika Dundori wanawake walinishika mikono huku na huku wakidhani nitaanguka, na mimi nilikuwa naangalia jina lako kwenye msalaba nikisema moyoni kwamba aliyeandika hii hajui kazi, herufi zimebanana upande wa kulia. Kifua changu kimekufa ganzi, vile mguu hufanya ukiukalia sana. Najua kiko pale, lakini hakisikii kitu.

Wacha nianze na kazi yetu, maana mengine yote yanatoka humo. Mteja angekuja na maneno yake kwenye kipande cha karatasi. Ungemsikiliza, ungepima ubao kwa shibiri, ungesema, "Rudi Alhamisi." Akishaondoka ungeniita. "Wangari, macho yangu ni ya mbali. Ya karibu ni yako." Nami nikitoka shule ningechukua karatasi ya khaki, niyachore yale maneno makubwa makubwa kwa penseli na rula, halafu nitoboe kila mstari kwa sindano, tundu karibu na tundu, mpaka vidole viume. Wewe ungeibandika karatasi juu ya ubao, uchukue ile soksi kuukuu uliyoijaza mkaa wa kusaga, uipigepige juu ya matundu. Ukiibandua karatasi, maneno yako pale, nukta nyeusi nyeusi, na kilichobaki ni kupitisha brashi. Na kwa brashi hakuna aliyekushinda kutoka Naivasha mpaka Molo, wacha waseme watakavyo.

Uliitazama herufi vile wengine wanavyomtazama ng'ombe mnadani. "Hii ina mgongo mzuri," ungesema. "Hii imefura tumbo, ipunguze." Na kule hotelini ulikuwa unaagiza chai na mandazi ya kawaida, kila siku, hata walipoleta karatasi ya kuchagua vyakula. Uliisukuma pembeni na kusema, "Mimi si mgeni hapa." Nilifikiri ni maringo. Nilifikiri pia mafundi wote wanafanya kazi hivyo na watoto wao, na kwamba kweli macho yako ni ya mbali.

Sasa lile jambo. Hatukulizungumza siku ile wala baadaye, na ndiyo sababu lazima niliandike lote, hata lile unalolijua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu alinipa bahasha imefungwa, akasema, "Mpe baba yako mkononi, aisome mwenyewe." Nilijua ni nini. Nilikuwa nimefaulu mtihani, na hiyo ilikuwa nafasi yangu katika shule ya bweni ya wasichana. Nilikimbia njia yote. Nikakupa, nikakuambia vile mwalimu alivyosema, kwamba uisome mwenyewe. Uliifungua, ukaiangalia muda mrefu, ukaikunja, ukaitia mfuko wa ndani wa koti. "Nitaangalia," ukasema.

Nikangoja. Kwetu mtoto hamsukumi baba yake, kwa hiyo nikangoja tu. Wiki moja, wiki mbili. Wasichana wenzangu wakanunuliwa masanduku ya bati na blanketi. Siku ya kujibu ikapita, nafasi yangu akapewa mwingine, na wewe hukusema lolote, uliendelea kusafisha brashi zako kwa taipentaini. Nikaamini umeona hakuna haja ya kumsomesha msichana wakati kuna karatasi za kutoboa. Nilikuchukia, Baba. Hapo kifua changu kilikuwa kinasikia vizuri sana.

Ndipo yule mwenye bucha wa karibu na stendi akaleta kazi. Alitaka kibao kisemacho NYAMA SAFI YA NG'OMBE NA MBUZI. Mimi nikatoboa NYAMA SAFI YA FISI NA PUNDA.

Nataka ulijue hili vizuri, maana nadhani hukulijua. Sikutaka kibao kile kifike barabarani. Haki ya Mungu, sikutaka. Nilijua ukiwa unapaka hutasoma, kwa sababu ya hayo macho yako. Lakini macho ya mbali si yalikuwa mazima? Kila ukimaliza kibao ulikuwa unarudi nyuma mpaka mlangoni, unakitazama kwa mbali, unainamisha kichwa. Nilitaka urudi mpaka mlangoni, uyaone yale maneno, ushtuke, unipige ukitaka, na mwishowe uniulize nina nini. Ulikuwa ni ugomvi wa humu ndani tu, wangu na wako.

Ukarudi mpaka mlangoni. Ukainamisha kichwa. Ukatabasamu. "Imetulia," ukasema.

Nilisimama pale na sindano mkononi. Nilielewa yote mara moja, na mdomo wangu haukufunguka. Ulikifunga kibao kwenye baiskeli, ukaniambia nibebe nyundo, na nikabeba. Ukapanda ngazi, mimi nikaishika. Ukapigilia misumari minne. Ukashuka, ukavuka barabara ili ukitazame kutoka ng'ambo, na watu walikuwa wameanza kusimama. Mtu mmoja akacheka, halafu watano, halafu stendi nzima. Wewe ulidhani wanasifu. Uliivua kofia, Baba. Uliwainulia kofia.

Mwenye bucha alitoka na aproni ya damu akipiga kelele, "Fundi! Unataka kuniua? Mimi nauza fisi?" Nikaona unakitazama kibao, unawatazama watu, halafu unanitazama mimi. Hukuchukua muda. Ulipanda ngazi ile ile ukaking'oa, ukamwambia, "Samahani, ni makosa yangu. Nilikuwa na homa." Njiani uliikokota baiskeli bila kuipanda. Tulipofika kona ya kanisa ulisema maneno mawili, "Ungeniuliza tu." Basi. Kesho yake nilikuta karatasi ya khaki na sindano juu ya benchi, mahali pangu, kama siku zote. Nikaketi nikatoboa. Tangu hapo mpaka nilipoolewa, hata Uhuru ulipokuja na maduka yakabadilisha wenyewe na kila mtu akataka kibao kipya, sikukosea hata nukta moja.

Ungedhani siku ile ningeelewa pia habari ya bahasha. Sikuelewa. Nilijiambia kama ungetaka kweli, ungempa mtu akusomee. Nikaenda chuo cha ualimu baadaye, kwa njia ndefu, nikawa mwalimu, nikakuletea sukari kila mwisho wa mwezi, na jiwe lile likabaki moyoni.

Ugonjwa wa kifua ulipokuchukua na tukaja kukifungua kibanda, nililifungua debe la brashi. Chini kabisa, chini ya zile brashi nyembamba za nywele za ngamia, niliikuta. Barua ya shule. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka imekatika kwenye mikunjo. Alama za kidole chako cha mkaa zinaufuata mstari wa kwanza, neno kwa neno, zinafika katikati, zinaacha. Zinaanza tena mwanzo. Zinaacha tena pale pale. Na yule Mzee Gurdial wa duka la rangi aliniambia anakukumbuka, ulienda kwake mara tatu mwaka ule, umeshika koti kifuani, ukakuta duka limejaa watu, ukanunua taipentaini ukaondoka. Nyumbani tulikuwa na taipentaini ya kuoshea nchi nzima.

Niliirudisha ile barua kwenye debe. Nikapika ugali. Watu walikula wakasema umeiva vizuri.

Haya, tuje kwa Nyambura. Ulimwacha mdogo, anakaa mapajani mwako akichora kwa mkaa. Wa pili wangu, mwenye jina la Mama. Jina ni la Mama, lakini kichwa ni chako. Amefika darasa la tatu na hasomi. Anahesabu vizuri, anatengeneza mlango wa banda la mbuzi bila kuonyeshwa, lakini umpe ukurasa wa kitabu, jasho linamtoka. Mimi ni mwalimu, Baba, na watoto wa watu wanasoma. Unajua nilifanya nini? Nilimpiga. Nilimpiga kwa rula, kwa mkono huu, kwenye meza ya nyumbani kwetu Lanet. Aliweka vidole vingine vitano mezani mwenyewe akasema, "Mama, haziketi. Naziambia ziketi na haziketi."

Ningepaswa kukumbuka mtu fulani. Sikukumbuka. Nilimwambia arudie mstari.

Hedmasta wetu aliniita ofisini mwanzo wa muhula huu. Alisema kwa upole, kwa sababu mimi ni mwalimu wake. Alisema huyu mtoto amejaribiwa vya kutosha, anashika nafasi ya mwingine, mwisho wa muhula jina lake litatoka kwenye rejista, na je, bibi yake hayuko Dundori? Ng'ombe si wapo? "Si kila mtoto ni wa kitabu, Mwalimu." Nilisema, "Ndiyo, bwana." Nilirudi darasani nikafundisha mito mikuu ya Kenya.

Jumamosi hiyo nilimpeleka Nyambura kwa Mzee Gurdial, nilikuwa nataka kumpa mikebe yako iliyobaki. Binti yake Jaswinder alikuwa amerudi. Unamkumbuka, yule mwembamba, mlikuwa mkimwita Jasi, alikuwa anaiba chaki zako. Alikwenda Uingereza kusomea kufundisha. Nyambura alikuwa na ile soksi yako, haachani nayo, na akaanza kuipigapiga sakafuni akitengeneza baiskeli, na Jasi akainama kumwangalia. Akamuuliza hili na lile. Akamwomba asome maandishi ya mkebe. Akamsimamisha haraka, kabla hajaaibika. Halafu akaniuliza mimi, "Dada Wangari, kwenu kuna mtu mwingine?"

Kitu hiki kina jina, Baba. Wanakiita disleksia. Si ujinga, si uvivu, na si macho, hata kidogo si macho. Jasi anasema kichwa kinapata kazi ngumu kuunganisha alama na sauti yake, na kila mtu anaeleza kwa namna yake, mmoja atasema zinakimbia, mwingine atasema haziketi. Anasema mara nyingi inatembea katika ukoo. Anasema mtoto akifundishwa polepole, sauti kwa sauti, akigusa herufi kwa vidole, atasoma. Nikamuuliza, "Na mtu mzima?" Akasema ni kitu kile kile, ila mtu mzima amejifunza kukificha. Nikasema, "Nilimjua mmoja." Nilikuwa nimeshika mkebe wa nyekundu. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Nilisikia baiskeli ikipita nje.

Nilimweleza hedmasta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni magonjwa ya Ulaya, huku kwetu tuna watoto wanaosoma na wasiosoma. Hapo nikaona maneno hayatafaa. Huyu ni mtu ambaye ukurasa haujawahi kumkimbia maishani. Lazima aione kwa mwili wake, yeye na wazazi wote wa mji huu wanaoita watoto wao punda.

Jasi ndiye aliyesema tufanye mahali pa wazi, watu washike kwa mikono. Mimi ndiye niliyesema ukuta wa soko. Ule wenye tangazo lako la kukataza takataka, bado lipo, na takataka bado zipo chini yake. Karani wa manispaa alisema sawa mradi tusizibe njia. Tulikata vibao vidogo kutoka mbao zako za zamani, kila kimoja ukubwa wa kiganja, nikaandika herufi moja kila kimoja, tukavipigilia ukutani kwa msumari wa katikati ili vizunguke. Vilikuwa vimepangwa kuwa maneno mepesi, ya kitabu cha darasa la pili. Lakini unaujua upepo wetu wa saa nane, ule wa vumbi jeupe. Ukivuma, herufi zote zinageuka, na ukizishika hizi, zile zinaondoka. Juu yake niliandika kwa rangi iliyotulia, NJOO USOME. Nyambura alisimama pembeni na kengele ya shule. Kazi yake ilikuwa kuipiga kabla mtu hajamaliza.

Upande wa pili wa ukuta tulibandika karatasi za khaki nilizotoboa kwa sindano, na mbele yake tukaning'iniza soksi za mkaa kwa kamba. Ukishindwa kule, unakuja huku. Hapa hakuna kengele. Unapigapiga mwenyewe, pole pole, ukimaliza unaibandua karatasi, na maneno yanakaa ukutani, na yanaketi.

Lo, walikuja! Nilidhani watapita tu. Askari wa kambi ya Lanet alisimama wima kama anakaguliwa, akasoma neno moja, kengele ikalia, akasema, "Ngoja, ngoja, nirudie!" Nyambura akamwambia hakuna kurudia. Wauza mboga waliacha meza zao. Mama mmoja aliyeleta kabeji kutoka Ndabibi hakujaribu kabisa vile vibao, alikwenda moja kwa moja kwenye soksi, akafanya kazi yake bila haraka, akaibandua karatasi, akaweka kidole juu ya kila nukta. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, kama anauliza bei, "Mimi nilifukuzwa nikiwa na miaka tisa. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Hedmasta alikuja saa nane na nusu, upepo ukiwa umechangamka. Nilikuwa nimemwomba. Si mtu mbaya, Baba, anavaa tai hata Jumamosi. Alisogea mbele, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa ile sauti ya gwaride. Akakwama. Akakamata kibao kimoja kwa mkono, kingine kwa mkono wa pili, na kingine kwa kiwiko. Kengele ikalia. Akaanza tena, ikalia tena. Shingo ilikuwa imemlowa. Na Nyambura, bila kutabasamu, akamwambia maneno anayoambiwa yeye kila asubuhi, "Hukufanya mazoezi nyumbani. Rudi nyuma ya darasa."

Wakacheka. Wazazi, wauza mboga, makondakta, wote. Na mimi nilikijua kile kicheko. Kilikuwa ni kile kile, Baba, cha stendi. Nilimtazama hedmasta, akawa anajaribu kutabasamu nao, mkono wake umepanda kichwani kutafuta kofia ambayo hakuvaa.

Sikupanga kusema. Nilipanda juu ya kreti ya soda nikasema, "Msicheke." Hawakusikia, nikasema tena kwa sauti ya mwalimu. Ubao wako wa fisi ulikuwa pale. Niliukuta kibandani nyuma ya benchi, uso umegeuzwa ukutani, ulikuwa umeuweka miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeuleta tuukate vibao na nikashindwa kuukata. Nikaugeuza. Nikawaambia, huyu aliyeandika hivi alikuwa Fundi, baba yangu, aliyeandika nusu ya mji huu, na hakujua kusoma hata jina la mtaa wake. Hakuwa mjinga. Herufi hazikumketia. Nikawaambia mimi ndiye niliyetoboa maneno haya. Nikawaambia juu ya kofia. Na ile bahasha nikawaambia pia, na alama za kidole.

Vibao viliendelea kuzunguka. Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Nilikuwepo siku ile. Nilicheka." Akaivua kofia yake.  Hedmasta alikwenda upande wa pili, akashika soksi, akapigapiga mpaka mkaa ukamjaa kwenye mikono ya shati jeupe, akabandua karatasi yake. Niliyokuwa nimetoboa hapo ni maneno mawili, NIPE MUDA. Alisimama akayasoma kama ni marefu sana.

Jumatatu alinikuta mlangoni mwa darasa. Akasema Nyambura abaki. Nimfundishe jioni kwa hiyo njia ya Jasi, na kama nina wengine wa aina hiyo niwachukue pia. "Mpaka mwisho wa mwaka," akasema. "Halafu tutaona." Nimepata wengine saba. Tunaandika kwenye mchanga, kwenye sinia, kwa kidole. Nyambura sasa anasoma mstari mmoja na nusu. Anachoka sana baadaye, analala na viatu.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Nyingine ni Mama.

Mama alikuwa pale sokoni, Baba. Alikuwa ameteremsha viazi. Nilipokuwa juu ya kreti sikumwona. Nilipomwona alikuwa ameshafunga magunia yake, na hakunitazama mpaka alipofika karibu nami. "Miaka thelathini nimemfunika," akaniambia. "Wewe umemvua baba yako nguo sokoni, tena kwa dakika tano." Akaenda zake kupanda basi. Kumbe alijua, na mimi siku zote nilidhani ni siri yetu wawili. Nimemtumia salamu mara mbili kwa jirani anayetuletea maziwa yake, na jirani amerudi na maziwa bila neno. Jasi anasema atapoa. Jasi hamjui Mama.

Na inawezekana Mama ana haki. Hilo ndilo linaloniketisha hapa. Ulilinda kitu kimoja tu maisha yako yote. Uliniachia mimi sindano na karatasi, ukijua naweza kukuumbua tena siku yoyote, na kila Alhamisi uliniamini. Nami nimekuumbua mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa ajili ya mtoto. Nikijiuliza ningefanya tena hii ya pili, jibu ni ndiyo. Nikijiuliza kama nilikuwa na ruhusa, sijui. Ulisema ningekuuliza. Safari hii pia sikukuuliza, na safari hii ulikuwa huwezi kujibu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jumapili ijayo nitapanda Dundori na Nyambura. Sitakuja na maua. Nitakuja na brashi na mkebe wa nyekundu, niziondoe zile herufi zilizobanana kwenye msalaba, nizipange upya zikae vizuri, kwa mkono wangu. Nitamwambia Mama kwanza, hata asiponijibu. Kisha nitaketi pale kando yako nikusomee barua hii yote kwa mdomo, sitaruka hata neno, na mstari wa kwanza atausoma Nyambura, itachukua muda, utavumilia. Nakuahidi hakuna mtoto atakayepigwa tena kwa rula mbele yangu, kwangu wala kwa mtu mwingine, na nakuahidi jina la huyu wangu halitatoka kwenye rejista nikiwa hai.

Kwaheri, Baba. Nikimaliza kusoma nitakuuliza kama nilikosea. Halafu nitanyamaza, nikupe muda.

Ni mimi, mshika ngazi wako,
Wangari